Udongo wa Viazi

Jumapili, saa nne na nusu, baiskeli sita
zimeegemea ukuta wa Yaneth kama punda waliotuliwa mizigo,
na sisi ndani, mapaja yakitetemeka chini ya meza,
tunasubiri maji moto ya sukari guru
na kipande cha jibini cha kutumbukiza.

Hapa Boyacá mlima haupandwi mara moja.
Unaupanda alfajiri kwa pedali,
kisha unaupanda tena kwa mdomo,
na mara ya pili huwa mkali zaidi.

Eliécer, fundi wa mabomba, ndiye huanza.
"Upepo ule!" anasema, na mikono inaachia kikombe
ikashika usukani usiokuwepo.
"Ulinisukuma kifuani kama mtu anayenidai."
Wiki iliyopita kona zilikuwa kumi na moja.
Leo zimefika kumi na nne.
Barabara hii inazaa.

Wilmar ana saa inayohesabu mapigo ya moyo.
Anatusomea kama asomavyo cheti cha mgonjwa,
maana ndiyo kazi yake, zamu ya usiku:
mia moja sabini na tisa darajani,
mia moja themanini na nne penye ng'ombe.
"Na ulipomwona yule mbwa wa kiwanda cha matofali?"
"Hapo saa ilikaa kimya."
Tukacheka hadi Yaneth akachungulia.

Don Anselmo, miaka sabini na miwili,
hufika wa mwisho na hadithi ndefu kuliko zote,
kwani aendaye polepole ana nafasi ya kutazama:
maziwa ya nani yamemwagika langoni,
nani kapaka mlango rangi ya kijani,
vitunguu vinauzwaje,
na kwamba ukungu ule tulioupasua tukiulaani
ulikuwa umekaa juu ya mimea ya majani ya manyoya
kama shuka lililosahauliwa kambani.

"Na wewe, Fermín?" Eliécer akanigeukia.
"Nilikuacha kona ya msalaba, umepauka kama jivu.
Ulifikaje kileleni karibu yangu hivyo?"
Nikakohoa. Nikasema miguu ilifunguka.
Nikasema nilitafuta gia, nikaipata, pumzi ikarudi,
nikahesabu nguzo za umeme, moja, moja…
Maneno yakateremka bila breki.

Sikusema lori.
Sikusema lilivyonipita likikoroma, limejaa viazi,
polepole kiasi cha kunitia tamaa,
na kamba ikining'inia nyuma kama mkono wa mjomba.
Kona tatu tu. Labda nne.
Na lo, mlima ulikuwa mzuri!
Miaka tisa nimeupanda,
nilikuwa naijua lami yake tu.

Rosalba hushona sare za shule,
jicho lake huona tundu moja lililorukwa na uzi.
Akanyoosha mkono, akaokota kwenye glavu yangu
donge la udongo mweusi,
akalisaga kati ya vidole viwili. Akanusa.
Akanitazama.
Nikajua kesi imekwisha.

Lakini alilifuta tu ukingoni mwa sahani yake,
akaiambia meza nzima:
"Mimi leo nilishuka. Toka darajani hadi msalabani
nilitembea nikiisukuma.
Viatu hivi vyenye chuma vinalia kwenye lami, ko, ko, ko,
kama farasi mwenye haya.
Na Jumapili iliyopita pia. Na ile ya kabla."

Mvuke wa vikombe.
Eliécer akakuna shingo.
"Kumi na moja," akasema. "Kona ni kumi na moja."
Wilmar akaivua saa, akaitia mfukoni.

Nami nikaanza: "Palikuwa na lori."

"Najua," akasema Don Anselmo, jibini mdomoni.
"Lilinipita mimi kwanza.
Niliikosa kamba kwa kidole kimoja."